Fahamu: Safari ya mshauri wa Waziri Mkuu iliyowakasirisha Waingereza wakati wa korona

Jina la Dominic Cummings hurudi kwenye taarifa za habari kila unapozuka mjadala wa viongozi wanaotuhumiwa kuvunja sheria walizoziweka wao wenyewe. Mei 2020, Uingereza ikiwa imeshazika watu zaidi ya 36,000 waliokufa kwa korona, iligundulika kwamba mshauri huyu mkuu wa Waziri Mkuu alikuwa amesafiri na familia yake mamia ya kilomita, wakati wananchi wote wameamriwa kukaa nyumbani. Hasira iliyofuata iligusa vyama vyote, makanisa, polisi na vyombo vya habari.

Katika makala haya tunaeleza sheria ilisemaje, nini hasa kilitokea, yeye alijiteteaje, na kwa nini safari ya gari moja iliacha jeraha ambalo halikupona haraka.

Dominic Cummings ni nani?

Cummings si mbunge na hakuwahi kuwa waziri. Alijulikana zaidi mwaka 2016 alipoongoza kampeni ya Vote Leave, iliyoshinda kura ya maoni ya kuitoa Uingereza katika Umoja wa Ulaya. Boris Johnson alipoingia madarakani kuwa Waziri Mkuu Julai 2019, alimchukua Cummings kuwa mshauri wake mkuu katika ofisi ya Downing Street, London.

Mshauri wa namna hii hachaguliwi na wananchi. Huteuliwa na kiongozi, hufanya kazi karibu naye, na nguvu yake hutokana na kusikilizwa. Cummings alisikilizwa sana. Mawaziri wengi walimwogopa, na watu walimwona kama mmoja wa waliokuwa chumbani wakati maamuzi makubwa ya korona yakifanywa. Jambo hili ni muhimu kulishika, kwa sababu ndilo lililoifanya safari yake isionekane kama ya mtu mwingine yeyote.

Amri ya kukaa nyumbani ilisemaje?

Hapa Tanzania shule zilifungwa Machi 2020, lakini hatukufungiwa majumbani. Kwa hiyo si rahisi kwa wasikilizaji wetu wengi kupata picha ya walichopitia wenzetu wa Uingereza, ambako baadhi yetu tuna ndugu wanaoishi na kufanya kazi.

Jioni ya Machi 23, 2020, Johnson alizungumza kwenye televisheni na kuwaamuru wananchi wabaki majumbani. Ruhusa ya kutoka ilibaki kwa mambo machache: kununua mahitaji ya lazima, kufanya mazoezi mara moja kwa siku, kwenda kutibiwa au kumhudumia mtu asiyejiweza, na kwenda kazini kwa yule ambaye kazi yake haiwezekani kufanyika nyumbani. Ujumbe ulirudiwa kila siku: kaa nyumbani, linda huduma ya afya ya taifa, okoa maisha.

Hapo kulikuwa na vitu viwili ambavyo watu wengi walivichanganya, navyo ndivyo kiini cha mzozo wote.

Cha kwanza ni sheria. Kanuni za England zilianza kutumika Machi 26. Zilimkataza mtu kutoka nyumbani bila sababu ya msingi, na polisi waliweza kumtoza faini iliyoanzia pauni 60. Kufikia katikati ya Mei, polisi wa England na Wales walikuwa wameandika faini zaidi ya 14,000.

Cha pili ni mwongozo, yaani maelekezo ya serikali. Huu ndio uliosema kwamba mtu mmoja akianza kuonyesha dalili za korona, nyumba nzima ijifungie ndani kwa siku 14. Wakati huo mwongozo haukuwa na faini, ila wananchi waliuchukulia kwa uzito uleule wa sheria. Mwongozo huo ulikuwa na upenyo mdogo kwa wenye watoto: uliwataka waufuate kadiri ya uwezo wao, ukikiri kwamba yote hayatawezekana kwa kila familia.

Mambo yalivyokwenda, tarehe kwa tarehe

*Machi 27, 2020:* Johnson anatangaza kwamba amepimwa na kukutwa na korona. Siku hiyohiyo Cummings anapigiwa simu kuwa mkewe, mwandishi wa habari Mary Wakefield, anaumwa. Anakwenda nyumbani, mkewe anapata nafuu, anarudi kazini. Usiku wanamchukua mtoto wao wa miaka minne na kuendesha gari hadi Durham, kaskazini mwa England, kwenye shamba la wazazi wa Cummings. Ni umbali wa takriban kilomita 420, pungufu kidogo ya safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma.

*Machi 28:* Cummings mwenyewe anaanza kuumwa. Familia inakaa katika nyumba ya peke yake ndani ya shamba hilo.

*Aprili 2:* Mtoto anaugua na kupelekwa hospitali kwa gari la wagonjwa. Vipimo vinaonyesha hana korona.

*Aprili 5:* Johnson, ambaye hali yake imekuwa mbaya, analazwa hospitali. Siku inayofuata anahamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi.

*Aprili 12, Jumapili ya Pasaka:* Cummings, mkewe na mtoto wanaendesha gari kama nusu saa hadi mji mdogo wa Barnard Castle. Siku hiyo ilikuwa pia siku ya kuzaliwa ya mkewe.

*Aprili 13 na 14:* Familia inarudi London, na kesho yake Cummings anaingia kazini.

Baadaye mwezi huohuo mkewe aliandika katika jarida la The Spectator jinsi ugonjwa ulivyoisumbua familia yao. Durham haikutajwa popote, na msomaji angeweza kudhani kwamba yote yalitokea London.

Habari zilivyofichuka

Mei 22, magazeti ya Guardian na Daily Mirror yalichapisha habari ya safari ya Durham. Siku mbili baadaye magazeti ya Jumapili yakaongeza habari ya Barnard Castle, baada ya watu waliomwona huko kujitokeza.

Jioni ya Mei 24 Johnson alijitokeza kumtetea. Alisema mshauri wake alifuata hisia za baba yeyote, na kwamba alitenda kwa uwajibikaji, kwa kufuata sheria na kwa uadilifu. Wengi walitarajia walau karipio. Hawakulipata.

Kesho yake Cummings alifanya jambo ambalo washauri wa serikali hawalifanyi. Alikaa nyuma ya meza katika bustani ya Downing Street, akasoma maelezo marefu, kisha akajibu maswali ya waandishi wa habari huku taifa likitazama moja kwa moja.

Alijiteteaje?

Tuyaweke maelezo yake kama alivyoyatoa, maana haki ya mtuhumiwa ni kusikilizwa.

Kwanza, alisema hofu yake ilikuwa juu ya mtoto. Mkewe alikuwa mgonjwa, naye aliona dalili zote kwamba atafuata. Kama wote wawili wangezidiwa, nani angemlea mtoto wa miaka minne? Kule Durham kulikuwa na mabinti wa ndugu yake waliokuwa tayari kusaidia. Alisema upenyo uliomo kwenye mwongozo, ule wa wenye watoto wadogo, ulimhusu.

Pili, alisema nyumba yake ya London ilikuwa imeanza kulengwa na watu wenye vitisho.

Tatu, kuhusu Barnard Castle, alisema ugonjwa ulikuwa umemvuruga macho. Kabla ya safari ndefu ya kurudi London, alitaka kujiridhisha kwamba anaweza kuendesha. Kwa hiyo walikwenda mwendo mfupi, wakakaa kando ya mto kwa muda kidogo, wakarudi.

Alipoulizwa kama anajuta, alisema hajutii. Alikubali kwamba watu wenye akili timamu wanaweza kutokubaliana naye, lakini hakuomba radhi kwa safari yenyewe.

Utetezi wa kwanza uliwagusa baadhi ya wazazi. Ule wa tatu uliangukia kwenye kicheko na hasira kwa pamoja. Watu waliuliza: mtu asiye na hakika na macho yake anayapimaje barabarani, akiwa amempakia mke na mtoto? Mpaka leo, ukilitaja jina la Barnard Castle mbele ya Mwingereza, wengi watakutania kuhusu kupima macho.

Polisi walisema nini?

Mei 28 polisi wa Durham walitoa matokeo ya uchunguzi wao. Yalikuwa na sehemu tatu, na kila upande uliikumbuka ile iliyoupendeza.

1. Kwenda kukaa kwenye shamba la wazazi wake, kwa maoni ya polisi, hakukuwa kosa chini ya kanuni.
2. Safari ya Barnard Castle huenda ilikuwa uvunjaji mdogo wa kanuni. Kama askari angemsimamisha siku ile, angezungumza naye na kumshauri arudi.
3. Hatachukuliwa hatua kwa jambo lililokwisha kupita, kwa kuwa hivyo ndivyo polisi hao walivyowatendea watu wengine.

Uchunguzi huo ulijibu swali la kanuni. Haukugusa swali la mwongozo wa siku 14, yaani kama nyumba yenye mgonjwa ilipaswa kutoka London kabisa. Na hilo ndilo lililokuwa mioyoni mwa watu.

Kwa nini hasira ikawa kubwa hivyo?

Wageni wengi walishangaa. Hakuiba fedha ya umma, hakumpiga mtu. Kwa nini taifa zima litikisike kwa safari ya gari? Tunaona sababu nne.

Kila nyumba ilikuwa na deni la machungu. Watu walikuwa wamewaacha wazee wao wafe hospitalini bila kuwashika mkono. Mazishi yalihudhuriwa na watu wachache, wengine wakiyatazama kwenye simu. Wazazi wagonjwa walibaki na watoto wadogo ndani bila msaada, kwa sababu waliambiwa wasitoke. Wote hao walikuwa na sababu nzuri ya kuvunja amri, na hawakuivunja. Waliposikia kwamba mtu mkubwa alipata sababu na akaitumia, hawakuona ujanja wake tu. Waliona kana kwamba utii wao umefanywa ujinga.

Upenyo ulijulikana na wachache. Kwenye televisheni mwananchi alisikia maneno matatu: kaa nyumbani, basi. Hakuna aliyemwambia asome mistari midogo. Cummings aliisoma kwa namna iliyomfaa. Sisi Waswahili husema sheria ni msumeno, unakata mbele na nyuma. Waingereza waliona msumeno uliokata upande mmoja: kwa mnyonge amri ni amri, kwa mkubwa amri ina tafsiri. Waziri wa Afya, Matt Hancock, aliulizwa na kasisi mmoja kama familia zilizotozwa faini kwa kusafiri kutafuta malezi ya watoto zingefikiriwa upya. Alijibu kwamba litaangaliwa, lakini serikali ikaeleza baadaye kwamba hakutakuwa na mapitio hayo.

Hakukuwa na neno la pole. Kuomba radhi hakufuti kosa, ila humrudishia aliyekosewa heshima yake. Hapa aliyekosewa aliambiwa kwamba hakuna kosa, na kwamba tatizo ni namna vyombo vya habari vilivyoandika.

Serikali nzima ilijifunga naye. Badala ya kubaki jambo la mtu mmoja, likawa la Waziri Mkuu na mawaziri waliotumwa kumtetea. Mei 26, Douglas Ross, naibu waziri katika wizara inayoshughulikia Scotland, alijiuzulu, akisema hawezi kuwaambia wapiga kura wake waliofuata amri kwamba wao walikosea na mshauri alikuwa sahihi. Wabunge zaidi ya 40 wa chama cha Johnson mwenyewe walitaka Cummings aondoke, na maaskofu kadhaa wa Kanisa la England walipaza sauti.

Moto huo uliwaunguza hata watangazaji. Usiku wa Mei 26, Emily Maitlis alifungua kipindi cha Newsnight cha BBC kwa kusema wazi kwamba Cummings alivunja sheria na nchi inaliona hilo. Kesho yake BBC ilisema utangulizi ule haukufikia kiwango chake cha kutopendelea upande. Wapo waliomwona shujaa, wapo waliosema mtangazaji hapaswi kutoa hukumu. Mjadala huo unatuhusu sisi pia tunaoshika kipaza sauti: msikilizaji apewe ukweli wote, hukumu aifanye mwenyewe.

Je, imani ilipungua kweli?

Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walikuwa tayari wakiwafuatilia watu zaidi ya 40,000 kwa maswali ya mara kwa mara kuhusu maisha wakati wa korona. Matokeo yao yalitoka katika jarida la kitabibu la The Lancet Agosti 2020. Walionyesha kwamba kuanzia Mei 22, siku habari ilipotoka, imani ya watu wa England kwa serikali yao katika kushughulikia janga ilishuka ghafla. Scotland na Wales, ambako serikali zao za ndani ndizo zilizoweka kanuni, anguko kama hilo halikuonekana.

Ni vigumu zaidi kupima ni watu wangapi walioacha kufuata masharti kwa sababu ya Cummings, maana wakati huohuo masharti yenyewe yalikuwa yakilegezwa. Lakini polisi na maofisa wa afya walilalamika kwamba jina lake lilikuwa limegeuka kisingizio.

Wengine walifanyaje?

Cummings hakuwa wa kwanza. Tofauti ni kilichofuata.

Scotland, mganga mkuu wa serikali, Catherine Calderwood, alionekana kwenye nyumba yake ya pili nje ya mji huku akiwahimiza watu wabaki majumbani. Polisi walimwonya, akaomba radhi, na akajiuzulu Aprili 5, 2020.

Profesa Neil Ferguson, ambaye hesabu zake zilichangia kuisukuma Uingereza kuweka amri hiyo, aliacha kazi ya kuishauri serikali Mei 5 baada ya kugundulika kwamba alitembelewa nyumbani na mwanamke waliyekuwa na uhusiano.

New Zealand, Waziri wa Afya David Clark aliipeleka familia yake ufukweni. Alikiri kwamba alifanya upumbavu, akashushwa nafasi katika baraza la mawaziri, na Julai akajiuzulu uwaziri huo.

Kwa jirani zetu Kenya, Johnson Sakaja, wakati huo seneta wa Nairobi, alikuwa mwenyekiti wa kamati ya Seneti iliyoshughulikia janga la korona. Julai 2020 alikamatwa akiwa baa wakati wa marufuku ya kutotoka nje usiku. Alijiuzulu uenyekiti, akakiri kosa mahakamani na kutozwa faini ya shilingi 15,000 za Kenya. Mwaka 2022 wapiga kura walimchagua kuwa gavana wa Nairobi. Kukiri, basi, si lazima kuwe mwisho wa safari ya kisiasa.

Yaliyofuata

Cummings alibaki kazini miezi mingine sita, akaondoka Downing Street Novemba 13, 2020 kufuatia mvutano wa ndani. Mei 26, 2021 alihojiwa na wabunge kwa takriban saa saba, akaishambulia serikali aliyoitumikia. Kuhusu Durham alikiri kwamba mwaka uliotangulia hakuueleza umma habari yote, hasa suala la usalama wa familia yake, na kwamba namna jambo lile lilivyoshughulikiwa iliharibu imani ya wananchi.

Mwisho wa mwaka 2021 likaibuka jingine: karamu zilizofanyika ndani ya ofisi za serikali wakati wa masharti. Mbili zilifanyika usiku wa kuamkia mazishi ya Prince Philip ya Aprili 17, 2021, ambako Malkia Elizabeth alikaa peke yake kanisani kwa kutii kanuni. Polisi wa London walitoa faini 126, moja ikiwa ya Johnson mwenyewe. Julai 2022 alitangaza kujiuzulu, kwa sababu zaidi ya moja, lakini karamu hizo zilikuwa zimeshamchosha mbele ya umma. Na hasira hiyo iliikuta njia imeshafunguliwa na safari ya Durham.

Mambo manne ya kujiuliza

Habari za namna hii zitakuja tena, ziwe za mbali au za kata yako. Kabla ya kuisambaza kwenye simu, msikilizaji, jiulize:

1. Kilichodaiwa kuvunjwa ni sheria au ni mwongozo? Adhabu zake hazifanani.
2. Ni yapi hayabishaniwi, na yapi ni madai? Kwa Cummings, safari hazikubishaniwa. Kilichobishaniwa ni sababu.
3. Nani amechunguza, na amesema nini chote? Usichukue sehemu moja ya matokeo ukaiacha nyingine.
4. Mtu wa kawaida angetendewa vilevile? Hili si swali la mahakama tu. Ni swali la haki.

Redioni tunasoma matangazo ya afya kila msimu wa mvua: chemsheni maji, chimbeni vyoo, msikusanyike msibani pale kipindupindu kinapoingia. Tangazo halina bunduki wala kufuli. Nguvu yake yote ni kwamba anayelisikia anaamini kuwa na aliyelitoa anachemsha maji nyumbani kwake. Siku akigundua si hivyo, tangazo lijalo atalisikiliza, kisha ataendelea na shughuli zake, na ugonjwa hautamsubiri hadi imani irudi.